Kusoma Ufaransa: maswali yanayorudi kila mwaka

Kila ikikaribia Oktoba simu yangu haitulii. Watoto wa ndugu, vijana wa mtaani, watu nisiowajua waliopewa namba yangu na mtu wa tatu, wote wanaulizia Ufaransa. Nilisoma huko Licence na Master, nikarudi Dar, na kwa kuwa majibu yangu ni yale yale, nimeyaandika hapa. Viwango vya ada na viza nilivyotaja ni vya karibuni, ila hupanda kidogo kidogo kila mwaka. Kabla hujalipa chochote, vihakiki kwenye tovuti ya Campus France, taasisi ya serikali yao inayohudumia wanafunzi wa kigeni.

Bac+3, bac+5... mbona kila tangazo lina hesabu?

Bac ni baccalauréat, mtihani wa kumaliza sekondari ulioanzishwa enzi za Napoleon, mwaka 1808. Elimu yote ya juu Wafaransa huihesabu kuanzia hapo. Bac+3 ni miaka 3 baada ya sekondari, nayo ndiyo Licence, digrii ya kwanza. Bac+5 ni Master. Bac+8 ni udaktari, yaani PhD. Utaratibu mzima huitwa LMD, na kila mwaka wa masomo una krediti 60 za Ulaya: Licence 180, Master 120 nyingine.

Sekondari zao zina kichekesho chake. Madarasa yanahesabiwa kwa kushuka: mtoto wa miaka 11 anaanza "la sita", anashuka la tano, la nne, la tatu, la pili, la kwanza, halafu anamalizia terminale. Kwa hiyo mwenyeji wako akikuambia binti yake yuko "la pili", usimhurumie. Ni msichana wa miaka 15, ndiyo kwanza anaingia lycée, sekondari ya juu.

Natoka Kongo, nina L2. Niombe L3?

Hapa ndipo ndugu zetu wa Lubumbashi na Bukavu wanapojichanganya. Katika mfumo wa zamani wa Kongo mtu alisoma graduat miaka 3, kisha licence miaka 2. L2 ya namna hiyo ni mwaka wa tano wa chuo. L2 ya Ufaransa ni mwaka wa pili wa Licence, na L3 ni wa tatu. Ukiandika "L2" bila maelezo, anayesoma faili lako Ufaransa anaweza kukurudisha nyuma miaka 3 bila kujua. Andika idadi ya miaka uliyosoma chuoni, na uambatishe matokeo ya mwaka mmoja mmoja. Waliosoma baada ya Kongo kuhamia LMD, miaka hii ya 2020, hawana shida hiyo.

Warundi wana mtego wao. Kwenye mfumo wao wa vyuo uitwao BMD, "baccalauréat" ni digrii ya chuo kikuu ya miaka 3. Ufaransa neno hilo hilo ni cheti cha sekondari. Nimewahi kumwona mtu mwenye digrii akiombewa nafasi ya mwaka wa kwanza, eti kwa sababu karatasi yake imeandikwa baccalauréat.

Nina cheti cha Kidato cha Sita. Nitaingia mwaka wa kwanza?

Ndiyo. Kigezo kikubwa ni kama cheti chako kinakupa haki ya kuingia chuo kikuu nchini kwenu. Cha Kidato cha Sita cha Tanzania kinakupa. KCSE ya Kenya yenye wastani wa C+ inakupa pia. Cha Kidato cha Nne cha Tanzania peke yake, hapana.

Kwa asiye raia wa Umoja wa Ulaya na asiye na bac ya Kifaransa, mlango wa mwaka wa kwanza wa Licence ni ombi maalumu linaloitwa DAP. Unachagua vyuo visivyozidi 3. Dirisha hufunguliwa Oktoba na kufungwa katikati ya Desemba, kwa masomo yanayoanza Septemba inayofuata. Rudia kuusoma mstari huo. Matokeo yako ya Kidato cha Sita yakitoka Julai, ukaanza kutafuta chuo Agosti, Septemba hiyo imeshakupita zamani. Unaomba ya mwaka mwingine.

Kozi zenye ushindani, kama BUT (digrii ya ufundi ya miaka 3 inayofundishwa kwenye taasisi ziitwazo IUT), BTS ya miaka 2, au madarasa ya maandalizi nitakayoyaeleza chini, haziombwi kwa DAP. Zina mtandao wao, Parcoursup, unaoanza kupokea maombi Januari. Ukitaka kuingia mwaka wa pili, wa tatu, au Master, kuna taratibu nyingine tena. Nchi kadhaa, zikiwemo Burundi, Komoro na Kongo, ni lazima kila kitu kipitie jukwaa la Études en France, ukaitwe na kwenye mahojiano. Orodha ya nchi hizo huongezwa mara kwa mara, kwa hiyo tafuta kwanza kama nchi yako imo, maana jibu la swali hilo linabadilisha safari nzima.

Universite na grande école vinatofautianaje? Si vyote vyuo?

Vyote vyuo, ila milango yake haifanani, na hili ndilo jambo ambalo ningependa kila anayenipigia alielewe kabla ya kuulizia hali ya hewa.

Universite ni ya umma, ada yake imepangwa na serikali, na kwa Mfaransa mwenye bac mlango wa mwaka wa kwanza uko wazi kwa kiasi kikubwa. Mchujo unakuja baadaye, ndani. Ukumbi wa watu 400 mwezi wa Septemba, ikifika Februari unachagua pa kukaa. Hakuna aliyewafukuza, wameshindwa, au wameondoka wenyewe.

Grande école ni kinyume chake. Mchujo uko mlangoni. Kijana wa Kifaransa akimaliza bac anaingia prépa, madarasa ya maandalizi ya miaka 2, anabukua usiku na mchana, kisha anafanya mitihani ya ushindani iitwayo concours. Akishapita, kazi ngumu imekwisha. École polytechnique na École normale supérieure ni za tangu 1794, wakati wa Mapinduzi. HEC, ya biashara, ni ya 1881. Mawaziri, wakurugenzi, wahandisi wakuu, wengi wamepita kwenye shule za aina hii. Ni ndogo na zinajuana. Mfaransa wa miaka 50 bado atakutajia concours aliyofaulu akiwa na miaka 20.

Mgeni hahitaji kupita prépa. Nyingi zina mlango wa pembeni kwa wenye digrii ya kwanza: faili, barua za walimu, mahojiano. Kuna pia shule za uhandisi zinazopokea moja kwa moja baada ya sekondari kwa miaka 5. Shule za INSA ndizo mfano mzuri, na ya kwanza ilifunguliwa karibu na Lyon mwaka 1957. Kijana mwenye hesabu nzuri asiye na pesa, huko ndiko ningemwelekeza kabla ya shule yoyote ya biashara, kwa sababu shule za biashara hutoza maelfu mengi ya euro, na zile kubwa makumi ya maelfu.

Nimechaguliwa Sorbonne!

Hongera. Sorbonne ipi?

Sorbonne ya asili ilikuwa bweni na shule ya Robert de Sorbon, karibu mwaka 1257. Baada ya vurugu za Mei 1968, Chuo Kikuu cha Paris kilivunjwa vikatoka vyuo 13, na kadhaa vikagombania jina la marehemu. Leo kuna Panthéon-Sorbonne, ambacho ni Paris 1, chenye sheria, uchumi na historia. Kuna Sorbonne Nouvelle, Paris 3, cha lugha na sanaa. Kuna Sorbonne Université, kilichozaliwa 2018 kwa kuunganisha Paris 4 ya fasihi na Paris 6 ya sayansi. Na kuna Sorbonne Paris Nord, zamani Paris 13, ambacho kampasi yake kubwa iko Villetaneuse, nje ya jiji upande wa kaskazini, mbali na picha ya jengo lenye kuba uliyoiweka kwenye status.

Hakuna hata kimoja ambacho ni feki. Vyote ni vya umma na vinatoa diploma za taifa. Soma tu anwani kabla ya kutafuta chumba.

Wakala amenipatia nafasi ya "Bachelor" kwenye shule binafsi Paris. Ni digrii?

Inawezekana ndiyo, inawezekana ni karatasi ya shule tu. Ufaransa shule binafsi inaweza kuuza kozi ya miaka 3 na kuiita Bachelor bila kozi hiyo kuwa na hadhi ya Licence. Mama mmoja ninayemfahamu aliuza kiwanja Chanika akamlipia mwanawe mwaka wa kwanza kwenye shule moja ya aina hiyo. Kijana alisoma, alifaulu, akataka kuendelea na Master chuo kikuu cha umma. Akaulizwa: hii Bachelor yako ina hadhi gani? Hakuwahi kusikia kwamba hilo ni swali.

Basi muulize wakala kwa maandishi, tena kwa maneno ya Kifaransa haya haya. Je, ni diplôme national? Kama siyo, je, inatoa grade de licence, au grade de master? Kwa uhandisi, je, shule imeidhinishwa na CTI, tume inayosimamia cheo cha mhandisi tangu 1934? Akikujibu "imesajiliwa RNCP", fahamu kwamba huo ni usajili wa sifa ya kikazi. Una thamani yake kwa mwajiri wa Ufaransa, ila hauifanyi kozi kuwa digrii ya kitaaluma. Akikujibu "usijali", tafuta wakala mwingine, au bora zaidi, jiombee mwenyewe. Vyuo vya umma havihitaji wakala.

Lazima nijue Kifaransa?

Kwa Licence, karibu kila mahali ni lazima, na kiwango ni B2, yaani cha mtu anayeweza kujieleza na kufuata mazungumzo bila shida kubwa. Unaonyesha kwa cheti cha DELF B2, ambacho hakiishi muda, au kwa mtihani wa TCF, ambao matokeo yake hudumu miaka 2. Alliance Française zipo Dar, Arusha, Nairobi, Mombasa na Kampala. Anayeanza sifuri leo ajihesabie mwaka na nusu mpaka miwili ya kusoma kweli kweli, siyo ya Jumamosi asubuhi.

Kwa Master ziko kozi nyingi zinazofundishwa kwa Kiingereza, ukijumlisha na za shule binafsi. Campus France wana katalogi yake. Lakini benki, mwenye nyumba na karani wa dirisha la nne hawasomi katalogi hiyo. Hata ukienda kwa Kiingereza, fika na Kifaransa cha kuombea stakabadhi.

Halafu kuna B2 ya cheti na B2 ya ukumbini. Mhadhara wangu wa kwanza ulikuwa wa jiografia. Profesa aliingia, hakuwasha mashine yoyote, hakugawa desa, akaongea saa 2 mfululizo. Msichana wa pembeni yangu alikuwa na kalamu ya Bic ya rangi nne: nyekundu kwa kichwa cha habari, kijani kwa mfano, buluu kwa maelezo, na anaandika kwa vifupisho ambavyo sijawahi kuviona, "tps" kwa temps, "bcp" kwa beaucoup. Mimi mwisho wa saa 2 nilikuwa na tarehe, mada, na neno "territoire" mara sita. Niliazima daftari lake mpaka Desemba. Bila yeye sijui.

Darasani kukoje? Sapu zipo?

Zipo. Mitihani hiyo ya marudio inaitwa rattrapage, au kipindi cha pili, na mara nyingi huwa Juni. Masomo yamegawanyika sehemu tatu: CM ni mhadhara wa ukumbi mkubwa, TD ni darasa dogo la mazoezi, TP ni maabara. CM ukikosa hakuna anayekuuliza. TD wanaita majina, na kwenye kozi nyingi ukikosa mara kadhaa bila cheti cha daktari unahesabiwa hukufanya somo hilo.

Alama ni kati ya 20. Kufaulu ni 10. Kuanzia 12 ni "assez bien", 14 "bien", 16 "très bien". Juu ya 16, kwenye masomo ya sanaa, ni habari za kuhadithia. Insha yangu ya kwanza nilipata 11 nikalia chooni. Yule msichana wa kalamu alikuwa na 12 na alikuwa anasherehekea. Ukirudi nyumbani mtu atageuza 12 kati ya 20 kuwa asilimia 60 na kukuita wa kawaida. Siyo hesabu sahihi, na inafaa kumwomba mkuu wa kozi barua fupi inayoeleza nafasi yako darasani.

Jambo zuri ni kufidiana kwa alama. Kwa kawaida 8 ya takwimu inaweza kubebwa na 13 ya somo jingine, ilimradi wastani wa muhula ufike 10. Kozi nyingine huweka alama ya chini isiyovukwa, kwa hiyo soma kanuni za mitihani wiki ya kwanza. Na insha zao zina umbo: utangulizi wenye swali moja kuu, linaloitwa problématique, kisha sehemu mbili au tatu zinazopingana na kujibizana. Ukiandika kila unachokijua kwa mpangilio wa desa, hata kama yote ni kweli, utapata 7.

Ada ni kiasi gani hasa?

Mpaka 2018 mgeni alilipa sawa na Mfaransa. Tangu mwaka wa masomo 2019, asiyetoka Ulaya amepangiwa ada yake. Kwa 2024/2025 ilikuwa euro 2,850 kwa mwaka wa Licence na 3,879 kwa Master, wakati Mfaransa alilipa 175 na 250. Udaktari haukuguswa: wote walilipa 391. Hata hiyo ya kigeni iko chini ya gharama halisi. Nyingine inabebwa na serikali.

Vyuo vingi vya umma havikuipenda sheria hiyo, na sheria yenyewe inawaruhusu kusamehe sehemu ya wanafunzi. Kwa hiyo chuo A kinaweza kukutoza ada nzima ya mgeni na chuo B, kwa kozi ile ile, ada ya Mfaransa. Tafuta neno "exonération" kwenye tovuti ya chuo kabla hujakiweka kwenye chaguo lako, na uangalie ni la mwaka huu au la zamani, maana serikali imekuwa ikivibana vyuo kwenye misamaha hiyo.

Juu ya ada kuna CVEC, mchango wa maisha ya chuo, euro 105 kwa 2025/2026. Bila risiti yake husajiliwi. Udaktari haukusamehe hapo, umaskini usio na udhamini wa serikali yao nao haukusamehe.

Ubalozi unataka kuona pesa ngapi?

Euro 615 kwa mwezi, yaani 7,380 kwa mwaka, ziwe zako, za mzazi au za mfadhili mwenye barua. Wanaangalia mwenendo wa akaunti. Milioni 20 zilizoingia Jumanne na mahojiano ni Ijumaa, karani ameziona nyingi kabla yako.

Kuishi kwa 615 ni jambo jingine. Poitiers au Limoges, ukiwa na chumba cha CROUS, utabana na utaishi. Paris hazitoshi.

Majina yangu hayafanani kwenye vyeti. Ni shida?

Ni shida kubwa kuliko unavyodhani. Ufaransa mtu ana nom, jina moja la ukoo linaloandikwa kwa herufi kubwa, na prénom. Sisi tuna jina letu, la baba na la babu, tena cheti cha kuzaliwa kina mawili, cha Kidato cha Nne kina matatu, pasipoti ina herufi moja tofauti. Kwenye chuo nilisajiliwa kwa jina la babu, bima ya afya wakanisajili kwa jina la baba, na benki ikaunganisha yote mawili. Miezi 5 marejesho ya daktari yalikuwa yanakataliwa kwa sababu akaunti "siyo ya mhusika".

Sawazisha kabla ya kuondoka, kwa kiapo au kwa kubadilisha pasipoti. Kisha amua lipi ni nom, na usibadilishe tena kwenye fomu yoyote. Cheti cha kuzaliwa kitafsiriwe Kifaransa na mfasiri aliyeapishwa, na ubebe nakala nyingi.

Ufadhili upo?

Eiffel ndio unaojulikana zaidi, kwa Master na udaktari. Kwa Master wanatoa kama euro 1,200 kwa mwezi. Watu wengi wanaukosa kwa kutojua kitu kimoja: mwanafunzi haombi mwenyewe. Chuo ndicho kinachokuombea, na makataa ni Januari. Maana yake Oktoba au Novemba unapaswa kuwa umeshakiandikia chuo kwamba unataka kuombewa. Kuna pia udhamini wa serikali ya Ufaransa kupitia balozi zake, unaotofautiana nchi kwa nchi, na Erasmus Mundus wa Umoja wa Ulaya, ambao unakusomesha nchi mbili au zaidi. Kwa Licence ufadhili ni mchache sana. Siwezi kukudanganya.

Chumba nitapata wapi?

Anza na CROUS, shirika la umma la malazi na chakula cha wanafunzi. Chumba cha kawaida ni mita 9 za mraba: kitanda, meza, bafu linalofanana na kabati. Havitoshi wote, na wenye udhamini hutangulizwa.

Nje ya hapo mwenye nyumba atadai mdhamini anayeishi Ufaransa. Wewe huna shangazi huko. Kuna dhamana ya bure iitwayo Visale kwa vijana. Iombe mtandaoni, upate cheti chake, ndipo upige simu za kutafuta chumba. Usitume pesa ya chumba ambacho hakuna mtu unayemwamini aliyekiona. Siku ya kukabidhiwa funguo mtajaza état des lieux, karatasi ya hali ya chumba. Piga picha kila doa. Mimi niliona aibu kuhesabu matundu ya misumari mbele ya mzee wa watu. Nikalipia matundu 11 siyo yangu.

Ruzuku ya kodi ya chumba, APL, usiiweke kwenye bajeti. Kwenye mapendekezo ya bajeti ya 2026 serikali ililenga kuwaondolea wanafunzi wasiotoka Ulaya wasio na udhamini.

Naweza kufanya kazi?

Saa 964 kwa mwaka, ambazo ni asilimia 60 ya muda wa kazi wa mwaka mzima. Kima cha chini ni kama euro 12 kwa saa kabla ya makato. Kazi ni za migahawa, usafi, kulea watoto, maghala. Zitakulipia chakula na nauli. Usizitegemee kulipa ada na kodi pamoja, maana hapo ndipo watu wanapoanza kukosa TD, na ukifeli mfululizo au kubadili kozi ovyo, ofisi ya vibali itakuuliza kama kweli ulikuja kusoma.

Baada ya kutua, la kwanza ni nini?

Kuthibitisha viza mtandaoni ndani ya miezi 3 na kulipa kodi yake, ambayo mwaka 2025 ilikuwa euro 50. Ukisahau, unahesabika upo kinyume cha sheria hata kama stika kwenye pasipoti inasomeka mwaka mzima. Kisha jisajili bima ya afya ya taifa. Kujiunga ni bure kwa mwanafunzi. Daktari wa kawaida analipwa euro 30, nawe unarudishiwa 19, ukishakuwa na daktari uliyemsajili kama wako. Nyingine hubebwa na bima ya ziada ukiwa nayo.

Na chakula, tafuta resto U, mgahawa wa wanafunzi. Kwa miaka kadhaa sahani ilikuwa euro 3.30, na euro 1 kwa wenye hali ngumu. Wali wao hauna nazi.

Nataka udaktari wa binadamu.

Mwaka wa kwanza ni wa mchujo mkali, wote kwa Kifaransa, na wengi wa wenyeji wenyewe hawapiti. Kwa anayetoka Kidato cha Sita kwetu, mimi siishauri. Kasomee nyumbani, ukatafute ubingwa baadaye.

Na PhD?

Hiyo naishauri sana. Unatafuta msimamizi na mradi kwanza, kisha mkataba. Kwenye mkataba wa udaktari wewe ni mwajiriwa mwenye mshahara, bima na likizo. Kiwango cha chini kwa 2025 kilikuwa euro 2,200 kwa mwezi kabla ya makato. Ipo pia CIFRE, ambapo kampuni inakuajiri ukiwa unafanya utafiti chini ya maabara ya chuo. Pa kuanzia ni barua pepe ya nusu ukurasa kwa mtafiti ambaye kazi zake umezisoma kweli.

Kiswahili changu kitanisaidia chochote huko?

Kidogo. INALCO, shule ya lugha ya Paris iliyoanzishwa 1795, inafundisha Kiswahili. Siku ukizidiwa na upweke nenda rue des Grands Moulins, utawakuta Wafaransa wanahangaika na ngeli kama wewe unavyohangaika na le na la. Watafurahi kukuona kuliko karani yeyote.

Nikimaliza?

Mwenye Master anaweza kuomba kibali cha miezi 12 cha kutafuta kazi au kufungua biashara. Anayerudi Tanzania apeleke vyeti TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, vikatambuliwe. Wanataka matokeo ya kila mwaka, kwa hiyo yakusanye ukiwa bado huko, maana kuyaomba kwa barua pepe kutoka Dar ni kazi ya msimu mzima.

Diploma yenyewe huchelewa miezi. Utapewa kwanza attestation de réussite, nayo inatosha kuombea kazi. Ila usiisahau ile halisi. Ni karatasi moja, na chuo hakitoi ya pili hivi hivi. Mimi ya Licence niliifuata baada ya mwaka na nusu, nikaikuta kwenye bahasha yenye jina la babu. Bado imo kwenye bahasha hiyo hiyo, kabatini kwa mama, chini ya vitenge.